Kata hadi bati lilie

Bisibisi bapa inawekwa chini kidogo ya mlango, pale rangi ilipovimba kama lengelenge la moto. Haigongwi kwa nyundo. Inaegemezwa kiganja tu, nayo inazama mpaka kwenye mpini. Ikichomolewa inatoka na unga wa kahawia wenye unyevu, na nyuma ya unga kinafuata kipande cha gazeti kilichogandamana na fila, ule uji mgumu wa kujazia na kusawazisha bodi.

Gari lenyewe ni Volkswagen Beetle, mgongo wa chura wa miaka ya 1960, lililokula maisha yake pwani. Kwa nje linang'aa. Lengelenge lilikuwa na upana wa sarafu, lakini tundu lililobaki baada ya kukwangua linapitisha ngumi.

Tundu halikunisumbua, maana tundu lina dawa. Kilichonikaa kichwani wiki nzima, kisha ya pili, kisha ya tatu, ni swali linalokuja mara tu baada yake.

Unakata hadi wapi?

Ukikata kidogo, unashonea bati jipya kwenye bati lililooza, na baada ya masika mbili unarudi palepale. Ukikata sana, unabaki na fremu ya mlango isiyoshikwa na kitu, na gari linapoteza umbo ambalo hakuna atakayelirudisha. Kila fundi bodi ana jibu lake. Bei ya kazi, miezi ya kazi na usalama wa watakaopanda vinategemea jibu hilo.

## Lengelenge ni habari ya zamani

Kutu ya bodi mara nyingi huanzia ndani. Kinachohitajika ni chuma, maji na hewa, na kwenye boksi la bati lililofungwa vyote vitatu vinakaa pamoja bila kusumbuliwa na jua. Pwani tunaongeza cha nne. Chumvi inayokuja na upepo wa bahari inayafanya maji yapitishe umeme vizuri zaidi, na kutu ni kazi ya umeme mdogo mdogo kati ya sehemu moja ya bati na nyingine. Ndiyo maana gari la Nanyuki, kule bara, na gari la Tanga, hata kama yalitoka kiwandani wiki moja, hayazeeki sawa.

Halafu kutu inajaa. Nafasi inayochukua ni zaidi ya mara mbili ya chuma kilicholiwa. Bati mbili zilizobanana zikiingiwa na kutu katikati, zinasukumana mpaka zinaachana, na maji yanapata mlango mpana zaidi. Siku unapoona rangi imeinuka, nyuma yake bati limekwisha liwa zamani.

Beetle ina mahali pake pa kuanzia. Kuna mabakuli ya mbele ya madigadi, ambako mchanga na matope hujikusanya na kubaki na unyevu hata wiki baada ya mvua. Kuna kitako cha gurudumu la akiba. Kuna chini ya milango, matundu ya kutolea maji yakizibwa na majani au na rangi ya fundi asiyeangalia. Kuna sakafu chini ya kiti cha nyuma upande wa kulia, ambako betri inakaa. Asidi ikimwagika pale inakula bati kutoka juu huku maji ya barabarani yanalila kutoka chini. (Ukifika hapo, hakikisha betri ina kifuniko. Springi za kiti zikigusa vichwa vya betri, kiti kinawaka.)

Na kuna boksi la pembeni.

## Kabla ya kushika grinda

Sumaku ndogo iliyofungwa kwenye kitambaa chembamba inakuambia mengi kwa dakika 10. Inaposhika vizuri pana chuma. Inapoteleza pana fila. Chora mpaka kwa chaki papo hapo, usitegemee kukumbuka.

Baada ya sumaku, tumia sikio. Gonga kwa mpini wa bisibisi kuanzia sehemu unayoiamini, ukielekea kwenye lengelenge. Bati zima linalia, sauti yake inakwenda mbali. Lililoliwa linajibu kwa sauti fupi, kama kugonga katoni. Lenye fila nene halijibu kabisa. Chora mpaka wa pili.

Kisha subiri giza, uweke tochi ndani na wewe uangalie nje. Sehemu iliyoonekana nzima mchana itavuja mwanga kama chujio la chai. Mpaka wa tatu ni huo, na mara nyingi ndio mpana kuliko yote.

Bati la nje la magari ya umri huu lina unene wa karibu milimita 0.8 hadi 1. Ukilibonyeza kwa kidole gumba likaitikia kama kifuniko cha kopo, limebaki nusu. Huwezi kulehemu juu ya nusu. Moto utaipitia, utaacha tundu, utaziba tundu, na pembeni yake litafunguka lingine.

## Pale kazi inapogeuka

Chini ya kila mlango wa Beetle linapita lile boksi la pembeni, boksi refu la bati kutoka mbele hadi nyuma. Kiwanda kililitumia pia kama bomba la kupeleka hewa ya moto kwenye kioo na miguuni, kwa hiyo wengi hulichukulia kama bomba tu. Mtu anasema: joto la nini Mombasa? Zibeni tu.

Lakini ndilo linaloshikilia bodi. Nguzo ya bawaba ya mlango imesimama juu yake, na nguzo ya kufuli vilevile. Bodi imefungwa kwenye sakafu kwa boliti nyingi zinazopita kwenye boksi hili. Likioza, milango inaanza kushuka, na unapoinua gari kwa jeki nafasi ya juu ya mlango inabadilika mbele ya macho yako.

Hapa ndipo kazi ya kiraka inapogeuka kuwa kazi nyingine, na hapa ndipo mwenye gari na fundi wanapaswa kukaa chini waongee upya. Kuendelea kana kwamba ni kazi ileile ni kumdanganya mmojawapo.

Kishawishi kikubwa ni kufunika. Bati jipya linapigwa juu ya ukuta wa nje wa boksi, linalehemewa pembeni, linapakwa rangi nyeusi. Kwa macho limepona, lakini ukuta wa ndani, ule unaobeba nati za boliti, umebaki unga. Methali inatuambia usipoziba ufa utajenga ukuta, ila kwenye boksi la gari kuziba ndiko kunakokuletea ukuta.

Likiwa limeoza zaidi ya sehemu moja, libadilishe lote. Utaratibu uliothibitika ni huu: bodi ibaki imefungwa kwenye sakafu yake, na ufanye upande mmoja mpaka uishe ndipo uguse wa pili. Kabla ya kukata chochote, pima nafasi ya mlango juu, chini na pembeni, uandike. Lehemu paipu za mraba za milimita 25 ndani ya uwazi wa mlango, moja ikitoka nguzo ya bawaba hadi nguzo ya kufuli, nyingine ikienda mshazari, na nyingine ivuke kutoka upande hadi upande. Lile boksi jipya lijaribishe kando ya la zamani kabla hujalikata la zamani, tundu kwa tundu. Vipuri vya kuiga havilingani vyote, na tofauti ya milimita 5 ni heri uigundue ukiwa bado una cha kulinganishia.

Aliyekata pande zote mbili kwa pamoja ili awahi anakuja kulijua kosa lake siku ya kufunga milango.

Na petroli. Tangi la Beetle liko mbele, chini ya boneti, na bomba la mafuta linapita ndani ya mgongo wa katikati ya sakafu kwenda kwa injini nyuma. Ondoa tangi lote, lipeleke mbali. Kausha na kuziba bomba pande zote mbili. Kwangua lami ya kuzuia kelele iliyo sakafuni, maana inawaka polepole na moshi wake ni mzito. Toa viti. Mtu wa pili asimame na kizima moto, na baada ya cheche ya mwisho mkae nusu saa mkiangalia.

Mgongo huohuo wa katikati, chini ya kiti cha nyuma, ndio uliochongwa namba ya chesisi. Sakafu za kushoto na kulia zinakatwa na kubadilishwa bila kugusa namba hiyo. Asikushawishi mtu kuihamisha.

## Bati la kujazia

Kuna tabia ya kuokota mabaki ya bati la paa kwa sababu yapo kila mahali. Geji (kipimo cha unene wa bati) 28 au 30 ni nyembamba mno, haibebi chochote, na imepakwa zinki. Zinki ikiungua inatoa moshi mweupe, na anayeuvuta analala na homa na baridi usiku huo kama mwenye malaria.

Tafuta bati laini la kijivu lisilo na zinki, lenye mafuta kidogo juu yake. Geji 20, karibu milimita 0.9, inatosha kwa ngozi ya nje. Sakafu inataka geji 18, karibu milimita 1.2. Ukikosa, mlango wa gari kuukuu kwenye gereji ya chuma chakavu ni hazina: bati zuri, na mara nyingi lina mkunjo unaokaribiana na unaouhitaji.

Tengeneza kwanza kielelezo cha katoni. Kona zote uzizungushe, angalau kwa duara la sarafu. Kona kali inakusanya joto, na baadaye ndipo ufa unapoanzia.

## Jibu la swali langu, kwa kadiri lilivyonijia

Kwa muda mrefu niliamini kutu ndiyo inayoamua mstari wa kukata. Fuata kutu, ikiisha ongeza milimita 25 za bati zima, kata. Ni kanuni nzuri, na ni nusu ya jibu.

Nusu ya pili inaonekana baada ya kulehemu, bati linapopoa. Mshono ukipoa unasinyaa na kuvuta bati la pembeni yake. Ukiwa katikati ya uso mpana uliotulia, kama ubavu wa mlango, bati lote linayumba na kufanya mawimbi. Ukiwa karibu na mkunjo au ukingo, bati lina ugumu wake na haliyumbi. Na mawimbi yakitokea, dawa ni moja: mtu aweke kipande cha chuma kizito nyuma ya mshono, agonge kwa nyundo mbele, mshono unyooke na kurudi urefu wake.

Kwa hiyo mkono wako lazima ufike nyuma.

Basi kutu inaweka mpaka wa chini tu. Mstari wenyewe unachaguliwa kwa mambo mawili: upite karibu na mkunjo, na uwe mahali ambapo mkono na chuma vitaingia nyuma. Wakati mwingine hilo linamaanisha kukata sentimita 10 zaidi ya kutu ili kuufikia mkunjo. Inauma kutupa bati zima la mwaka 1965. Lakini kiraka kidogo katikati ya ubavu, bila nafasi ya nyundo nyuma, kitafunikwa na fila nene, na hapo utakuwa umerudi kwenye lile gazeti.

## Moto kidogo kidogo

Welda ya vijiti, iliyo karibu kila kona ya mji, ni ya mageti na fremu. Kwenye bati la milimita 0.9 kijiti cha milimita 2.5 kinatoboa kabla hakijashika. Mashine ya waya, waya wa milimita 0.6 na gesi ya mchanganyiko wa agoni, ndiyo inayofaa. Gesi ya asetilini na oksijeni pia inafaa, kwa mkono uliozoea. Mshono wake ni laini na unakubali nyundo vizuri, ingawa joto linasambaa mbali. Mzee aliyezeeka na gesi ninamwamini kuliko kijana mwenye mashine ya waya asiyejua kuiseti.

Kingo zote mbili zing'arishwe hadi chuma cheupe, milimita 25 kila upande, mbele na nyuma. Bati jipya likae usawa na la zamani, uso kwa uso bila kupandana, na mwanya kati yao usizidi milimita 1. Nukta ya kwanza ya kulehemu katikati, mbili mwishoni, kisha kila mwanya ugawe nusu kwa nukta nyingine, mpaka nukta ziachane kama milimita 25. Baada ya hapo ruka: nukta moja huku, nyingine mwisho wa kule, na usubiri mpaka uweze kuweka kiganja juu yake ndipo uongeze. Usipoze kwa kitambaa cha maji. Mshono wa sentimita 30 unaweza kula saa nzima, na saa hiyo ni halali yake.

Kusaga nako kuna joto. Tumia diski ya msasa, si jiwe gumu, na bati likianza kuwa na rangi ya bluu umekwisha lichosha.

Je, kupandanisha bati ni kosa daima? Hapana. Sakafu ya Beetle yenyewe ilipandanishwa kiwandani na kushikwa kwa nukta. Pale unapotoboa nukta za zamani kwa biti ya milimita 8 na kuweka sakafu mpya, pandanisha kama ilivyokuwa: toboa matundu ya milimita 6 kwenye bati jipya, paka praima (rangi ya chini) ya zinki katikati (kwa uangalifu wa moshi uleule), jaza matundu kwa moto, kisha ziba kingo pande zote mbili kwa gundi ya mishono. Kwenye ngozi ya nje lakini, kupandanisha kunaacha mfuko wa maji nyuma, na juani mstari wake unaonekana hata baada ya rangi.

Madigadi ya Beetle yalifungwa kwa boliti ili yatoke. Kuna wanaoyalehemu moja kwa moja kwenye bodi boliti zikikwama. Tafadhali, usiruhusu. Mwaga mafuta ya kulainisha siku tatu mfululizo, pasha moto, na ikibidi kata boliti ulehemu nati mpya ndani. Dirisha lako la kuangalia kutu kwa miaka ijayo ni hilo, na likifungwa halifunguki tena.

## Kutu ndogo, na alama za vidole

Kutu ya juu juu, ile isiyotoboa, inatoka kwa brashi ya waya na msasa. Dawa ya kugeuza kutu inasaidia kwenye mashimo madogo ambayo brashi haifiki: inaifanya kutu kuwa nyeusi na tulivu. Hairudishi bati lililoliwa.

Vipande vidogo vinavyotoka, kama bawaba na mabano, vinafaa kuloweshwa. Molasi sehemu moja kwa maji sehemu tisa, wiki moja hadi tatu, na chuma kinatoka kijivu safi. Inanuka, iweke mbali na nyumba, na usitie alumini. Njia ya umeme ni ya haraka zaidi: maji yenye soda ya kufulia, chaja ya betri, hasi kwenye kipande, chanya kwenye chuma chakavu cha kawaida, kamwe si chuma kisichoshika kutu. Fanyia nje, kwa sababu inatoa haidrojeni. Magadi ya mawe ya jikoni yana chumvi ndani yake, ambayo ndiyo tunayoikimbia. Tumia soda iliyosafishwa.

Bati likishakuwa wazi, pwani huna usiku mmoja. Ukiliacha mpaka asubuhi, utakuta vidole vyako vimechorwa juu yake kwa rangi ya chungwa, mstari kwa mstari, kila ulipolishika kwa jasho. Vaa glovu, futa kwa kiyeyushi, na upake praima ya epoksi siku ileile, mchana, kabla unyevu wa jioni haujashuka.

## Fila

Fila haina kosa lolote ikiwa inafanya kazi yake. Kazi yake ni kusawazisha, milimita 2 hadi 3, juu ya chuma kilicholehemewa na kupakwa epoksi. Inanyonya maji, kwa hiyo isiwe ndiyo inayoziba tundu, na isipigwe msasa kwa maji. Kigumishi ni karibu asilimia 2 kwa uzito. Kwenye joto letu fundi huwa na haraka, anaongeza, na rangi nyekundu ya kigumishi inatokeza juu ya rangi nyeupe ya gari miezi baadaye. Ikandamize unapochanganya, usiikoroge kama uji, maana hewa inayoingia ndiyo vitundu utakavyovilaani.

## Ndani ya boksi

Nyuma ya kila mshono rangi imeungua. Hii ndiyo sehemu inayoachwa, kwa sababu mteja haioni na picha haioneshi.

Boksi likishafungwa na gari limepakwa rangi, ndipo nta ya kuzuia kutu inapoingia. Isiwe kabla, kwani nta inawaka ukilehemu na inaikataa rangi. Pasha kopo kwenye maji ya moto, ingiza mpira mwembamba wenye pua ya kurusha pande zote, ufike mwisho wa boksi, kisha uvute polepole huku ukipuliza. Wengine wanamimina oili chafu. Inasaidia kwa muda, lakini inaharibu mipira, inachuruzika kwenye rangi, na ina asidi ya injini ndani yake. Nta ni ghali kidogo tu kuliko kurudia kazi.

Kabla ya kupuliza, pitisha waya kwenye kila tundu la kutolea maji. Weka karatasi nyeupe sakafuni chini ya kila moja. Nta ikidondoka kwenye karatasi zote, imefika. Karatasi moja ikibaki kavu, rudi na tochi utafute kilichoziba, usiku huohuo, kabla nta haijaganda.